Moto wa Sebuleni, Uji wa Chumbani

Mkaguzi alikuwa na tabia moja iliyomfanya mama yake atamani kumchapa, kipara chake na miaka yake sitini na ushei visimwokoe: alimeza dawa mbele za watu. Wenzake humeza dawa kama wanavyokwenda chooni, kimya kimya na mlango umerudishwa. Yeye la. Yeye alingoja jioni, chakula kimeshaondolewa na wageni wameshajaa sebuleni, ndipo akatoa kichupa mfukoni, akakitikisa, akamimina vidonge kiganjani na kuwapitishia watu macho mmoja mmoja kuhakikisha wanatazama. Akameza. Akavua shati akabaki na fulana, akavuta kiti mbele ya feni, akasubiri moto.

Na moto ulikuja kweli, tusimwonee. Baada ya muda uso ulianza kumchoma, masikio yakawasha, shingo na kifua vikapanda joto kama aliyepakwa pilipili, naye akawa anajikuna na kuguna kwa raha.

"Yanayeyuka," alisema. "Mafuta hayo. Nayasikia yanavyokimbia kwenye mishipa."

"Yanakimbilia wapi?" mama yake aliuliza siku ya kwanza, enzi hizo bado ana nguvu za kukaa sebuleni na watu.

"Yanaungua, mama. Yakishaungua yamekwisha."

"Mbona basi hatusikii harufu?"

Wageni walicheka. Mkaguzi hakucheka, maana huyo tangu utotoni utani ulikuwa unampita pembeni bila kumgusa, na mama yake alikwisha kata tamaa zamani.

Mama huyo watu walimwita Bi Karanga. Mumewe alikufa mapema akamwachia mtoto mmoja na sufuria kubwa, akakaa na sufuria hiyo kwenye lango la kiwanda akikaanga karanga na kuchemsha mayai, mpaka mtoto akasoma, akapata kazi ya kukagua mizani ya wafanyabiashara sokoni, akaitwa Mkaguzi. Kazi ilimkaa vizuri. Alipita na mawe yake ya kupimia, akaandika alichokiona, kisha akapiga mistari miwili chini ya namba, mizito, kana kwamba namba ingetoroka. Hata nyumbani alipoandika urefu wa mlango au bei ya sabuni, mistari miwili. Alipostaafu, mizani ikabaki sokoni na yeye akabaki na ukaguzi. Ilibidi autue mahali, akautua kwenye sufuria za mkewe.

Mambo yalianzia kwenye kipimo cha damu. Walimwambia kolesteroli imepanda, apunguze mafuta, atembee, arudi baada ya muda waone kama anahitaji dawa. Hakurudi. Angerudi vipi wakati jirani yake Meneja alikuwa na jibu tayari? Meneja alikuwa ameongoza benki iliyokwisha fungwa. Benki ilikufa, cheo kikafufuka. Binti yake alimtumia vichupa kutoka ng'ambo, vimeandikwa niasini, vitamini B3, na Meneja alivigawa kwa marafiki kwa ukarimu wa mtu ambaye hajui anachokigawa. Mkaguzi alimeza kimoja, akaungua, akaamini. Siku zilivyokwenda moto ukapungua, akaongeza kidonge ukarudi, akazidi kuamini.

Wakawa kundi. Asubuhi wanatembea, jioni wanaungua. Bi Karanga ndiye aliyewapa jina la Wazee wa Moto, kwa kuwakejeli, nao wakalipokea kwa furaha na kulitumia, jambo lililomthibitishia kwamba vichwani mwao hamna kitu. Walishindana kuungua. Aliyejikuna sana alipongezwa kwa afya yake njema. Mwenzao mmoja, Fundi Saa, hakuwahi kusikia joto lolote, wakamhurumia na kumwambia mishipa yake imeziba mno, basi masikini akaanza kujikuna kwa kuiga.

Hadi hapo ilikuwa vichekesho. Ujinga wa mtu ukibaki ndani ya fulana yake haumdhuru jirani. Lakini debe tupu haliachi kuvuma, na Mkaguzi hakuwa mtu wa kuvuma peke yake. Akatoa amri jikoni. Nyama marufuku, mayai marufuku, maziwa na samaki marufuku, mafuta ya kupikia yakatolewa nje ya nyumba kama mwizi. Kuanzia siku ile mafuta pekee yaliyobaki humo ndani yalikuwa ya kumpaka mtu kwa mgongo wa chupa, na hayo hayakupungua.

Kisha kidole gumba cha mguu wake kikavimba. Kilivimba kikang'aa, hata shuka ikikigusa alipiga yowe. Mtu mwingine angejiuliza ni kitu gani kipya ameingiza mwilini siku hizi. Mkaguzi alijiuliza ni kitu gani bado kinaliwa nyumbani mwake. Meneja alimwambia hiyo ni jongo, ugonjwa wa viungo, na kwamba jongo huletwa na vyakula vya kujenga mwili, basi amri ya pili ikatoka: maharage nje, kunde nje, dengu nje, karanga nje.

"Karanga?" mama yake aliuliza. Alidhani masikio yanamhadaa.

"Sumu hizo, mama."

"Wewe mwenyewe ni karanga kutoka utosini mpaka hicho kidole. Ningekutoa nyumbani pamoja nazo."

"Mama, mimi nataka uishi."

Alisema hivyo kwa upole mkubwa, na upole wa Mkaguzi ulikuwa mbaya kuliko hasira zake, maana hasira ungeweza kubishana nazo.

Kilichobaki kilikuwa unga wa mahindi na kabichi ya kuchemsha. Na kwa kuwa Bi Karanga meno yalikwisha mtoka, kabichi ilimshinda, likakatwa shauri kwamba yeye uji unamtosha. Asubuhi uji wa mahindi, mchana uji wa mahindi, jioni uji wa mahindi, mweupe, bila maziwa, na chumvi ya kuhesabu. Mama aliyekula chumvi nyingi kuliko wote humo ndani akawa anapimiwa chumvi na mtoto aliyemzaa.

Sasa sikiliza jambo ambalo Bi Karanga alilielewa mapema na hakuna aliyetaka kulisikia. Katika nyumba ile kila mtu alikuwa na nje yake. Mkaguzi alikuwa na vikao vya wastaafu, ambako kuku alikatazwa ngozi tu, na ngozi ikishatolewa aliruhusiwa mzima. Mkewe alikuwa na duka la kushona mapazia, na mkewe hakuwa mjinga: alirudi jioni anang'aa midomo na harufu ya nyama choma imejificha kwenye mtandio. Wote wawili walikuja mezani, wakala kabichi vijiko vitatu, wakashiba kwa adabu. Bi Karanga nyonga ilimvunjika miaka miwili nyuma, akawa anatembea kwa fimbo toka chumbani hadi barazani na kurudi. Nje yake ilikuwa baraza, na barazani hakukuwa na kuku, kulikuwa na jua tu. Sheria ilitungwa kwa nyumba nzima na ikafuatwa na mtu mmoja.

Alilalamika, bila shaka. Ulimi wake haukuwa wa kukaa mdomoni bure. Alisema ana njaa. Mkaguzi akatikisa kichwa akamwambia mkewe, mbele yake hapo hapo, "Unaona? Wazee wakifika umri huu husahau kwamba wamekula." Alipomwita mwanawe mpumbavu, wakasema hasira zisizo na sababu ni dalili. Alipokataa uji, dalili. Alipoumaliza wote akaomba mwingine, dalili kubwa zaidi. Ikawa kila neno linalotoka kinywani mwake linakwenda kumshuhudia vibaya.

Na kibaya kilichomtia hofu kweli ni kwamba walianza kusema kweli.

Kwanza ilikuwa ngozi. Migongo ya mikono ikawa myeusi, ikakauka, ikapasuka kama amevaa glovu za matope. Shingoni ukazunguka mstari mpana, kama mkufu, pale pale jua la barazani lilipomfikia juu ya gauni. Mkaguzi akasema ni uchafu, haogi sawasawa, akamwagiza mkewe amsugue. Mkwe akamsugua kwa dodoki, Bi Karanga akalia kwa sauti, na mkwe naye akalia, lakini akaendelea kusugua kwa sababu mumewe alikuwa amesimama mlangoni. Kisha ulimi ukawa mwekundu ukauma hata kwa maji. Kisha tumbo likaanza kuhara, halikushika. Mkaguzi alipoambiwa alifurahi, Mungu amsamehe. Akasema hayo ni mafuta ya zamani yanatoka.

Mwisho kikaja kichwa. Usingizi ulimkimbia. Mchana ukungu ulimwingia, akawa anaanza sentensi halafu anaikuta haina mwenyewe. Alisikia karanga zikitatarika kwenye sufuria na jikoni hamna kitu. Alimwona marehemu mumewe amekaa juu ya tangi la maji, anamning'inizia miguu, hasemi neno. Ukungu ukipungua alijua kwamba hakuna mtu juu ya tangi, na hapo ndipo alipotetemeka. Mwanamke huyu aliogopa vitu vichache duniani, lakini kupotelewa na akili aliogopa. Alikuwa akijikalisha kitandani na kujitajia majina ya wasimamizi wote wa kiwanda waliowahi kumkopa, kuona kama bado wapo. Kila mara alipungua mmoja.

Mchana mmoja wa ukungu mlango ulifunguliwa, wakaingia Mkaguzi na Meneja. Mkaguzi alikuwa anachechemea, na futi mkononi.

"Chumba hiki ndicho chenye upepo," Mkaguzi alisema. "Viti vitakaa huku, feni ya ukutani hapa. Wazee watapumua."

"Na yeye?" Meneja aliuliza, akimnyooshea kidevu aliyelala.

"Kuna nyumba ya wazee nimeshazungumza nao. Wanataka daktari tu aseme kwamba akili zimeondoka. Hapa anateseka bure."

Futi ilivutwa juu ya kitanda, ikapita karibu na pua yake. Alisikia penseli ikikwaruza ukuta.

"Mnapima jeneza?" aliuliza.

Wanaume wale wakacheka, cheko lile la huruma ambalo watu huwachekea watoto. "Lala, mama," Mkaguzi alisema.

Walipotoka, alilala akitazama dari na kulifikiria jambo lile kwa akili kidogo iliyobaki. Kama ni kweli, mwanawe amekuja kukipima chumba chake naye bado yumo. Kama si kweli, basi ni ndoto, kama marehemu kwenye tangi. Akachagua. Akasema ni ndoto. Mtoto niliyemlea kwa moshi wa karanga hawezi; heri niwe mwenda wazimu. Na ajabu ni kwamba uchaguzi huo ulimtuliza, akapata usingizi kidogo.

Wiki ile wakampeleka kwa daktari. Walimvalisha gauni la mikono mirefu na kumfunga mtandio mpaka kidevuni, kwa aibu, si kwa baridi. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, chumba chake kina dirisha moja na kitanda cha kupimia kilichofunikwa mpira. Mkaguzi hakungoja kuulizwa. Alieleza ugonjwa wa mama yake, akaeleza na sababu yake, akaeleza na mwisho wake, ikabaki daktari kutia sahihi tu.

"Nimekusikia, mzee," daktari alisema. "Sasa nataka kumsikia bibi. Shikamoo, bibi. Jana ulikula nini?"

Bi Karanga alimtazama. Hilo swali lilikuwa halijaulizwa tangu amri ya kwanza.

"Uji," alisema.

"Na juzi?"

"Uji."

Mkaguzi akatabasamu kwa masikitiko. "Unaona, daktari. Hakumbuki."

"Hakumbuki nini? Juzi mlimpa nini?"

Mkaguzi akamgeukia mkewe, maana mambo ya jikoni ukiyatolea amri ni ya mwanamume, na ukiyaulizwa ni ya mwanamke. Mkwe aliangalia viatu vyake.

"Uji," alisema mkwe.

"Wa nini?"

"Wa mahindi."

"Na maziwa? Yai? Karanga?"

"Hapana, daktari. Baba amekataza."

Daktari akaondoka kwenye kiti. Akaufungua mtandio mwenyewe taratibu, akaukunja na kuuweka pembeni, akaangalia ule mkufu mweusi. Akapandisha mikono ya gauni. Ngozi mbovu ilikomea pale jua lilipokomea, juu yake ikawa ya mtu mzima wa afya. Akaomba ulimi. Akauliza habari za tumbo, akaambiwa. Akamuuliza Bi Karanga kama anaona vitu visivyokuwepo.

"Mume wangu," Bi Karanga alisema. "Juu ya tangi la maji. Hata kufa hakukumfundisha kushuka kwenye vitu."

Daktari alicheka, akamshika mkono vizuri asimwumize. "Bibi, akili zako hazijaondoka. Zina njaa. Ugonjwa huu unaitwa pelagra. Humpata anayekula mahindi matupu. Mahindi yana vitamini fulani ndani yake, lakini imefungwa, mwili hauwezi kuifungua. Watu huipata kwenye nyama, samaki, mayai, maziwa, maharage, karanga. Ukiikosa, ngozi inaharibika, tumbo linaharibika, na mwisho kichwa. Ukichelewa unakufa. Hujachelewa."

Hapo Mkaguzi aliona nafasi yake. Neno vitamini lilimwamsha. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kichupa, akakiweka mezani kwa mshindo mdogo.

"Daktari, kwenye vitamini mimi si mgeni. Hii niasini, B3. Inayeyusha mafuta. Ukiimeza unasikia kabisa moto wake."

Daktari akakisoma kichupa. Akakizungusha, akakisoma tena upande wa pili.

"Unameza vingapi?"

"Mpaka niusikie moto."

"Nani alikuandikia?"

"Meneja."

"Meneja wa hospitali gani?"

"Wa benki," Bi Karanga alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi aliona raha ya kuishi.

Daktari alivua miwani. "Mzee, nisikilize. Vitamini aliyoikosa mama yako ni hii hii. Hii uliyonayo mfukoni. Yeye alihitaji kidogo sana kwa siku, kile ambacho yai na konzi ya karanga vingempa. Wewe unameza ya kutosha mtaa mzima."

Mkwe akaweka kiganja mdomoni.

"Lakini kolesteroli..." Mkaguzi alianza.

"Zamani tuliwapa watu vidonge hivi kwa kolesteroli, kwa kipimo, na damu tunaiangalia kila mara. Siku hizi ni nadra. Zipo dawa zilizo bora, ungerudi ungepewa. Na huo moto si mafuta yanayoungua. Ni mishipa midogo ya ngozi imepanuka. Ungekaa jikoni karibu na jiko ungeupata bure. Hicho kidole kilivimba lini?"

"Si muda mrefu."

"Kabla ya vidonge au baada?"

Mkaguzi akaurudisha mguu chini ya kiti.

"Vidonge hivi hupandisha jongo. Na macho yako siyapendi, yana manjano. Vikizidi vinaumiza ini. Leo leo utatoa damu tuone."

Yaani tuliweke wazi, kwa faida ya wazito kama yeye. Kidonge kilikivimbisha kidole. Kidole kilifukuza maharage na karanga. Maharage na karanga vilipoondoka, mama akaoza ngozi na kuota wafu, kwa kukosa kile kidonge. Na mkaguzi wa mizani, mtu aliyewafikisha wauza sukari mahakamani kwa upungufu wa kijiko, alikaa katikati ya pande zote mbili za mzani akijikuna kwa raha.

"Kumbe dawa yangu ilikuwa inaliwa sebuleni," Bi Karanga alisema.

Mkaguzi akasukuma kichupa kuelekea kwa mama yake. Ukarimu ulimjia ghafla. "Basi, mama, chukua hivi vyangu."

"Hapana," daktari alisema, akakitia kichupa kwenye droo yake. "Yeye nitampa aina isiyounguza, kwa kipimo chake, pamoja na vitamini B nyingine, maana huyu amekosa vingi. Na chakula. Hasa chakula. Barua yako ya nyumba ya wazee siandiki."

Alipona kwa haraka iliyowatia watu aibu. Siku chache tu tumbo likashika na ulimi ukapoa. Usingizi ukarudi. Marehemu akashuka kwenye tangi akaenda zake bila kuaga, kama alivyofanya alipokufa. Ngozi ilichukua muda zaidi, ilimenyuka taratibu na mpya ikawa chini yake. Wasimamizi wa kiwanda wakarudi kichwani mmoja mmoja pamoja na madeni yao. Mkwe alimletea yai kila asubuhi, na maharage, na maziwa, na mchana karanga alizozitwanga mwenyewe kwa sababu ya meno, akazileta bila kumtazama machoni.

Wazee wa Moto walihamia kwa Meneja. Meneja huyo alisema daktari wa kike hawezi kuijua damu ya mwanamume. Fundi Saa peke yake aliacha, akakiri kwamba hakuwahi kuwashwa hata siku moja. Mkaguzi alinyang'anywa vidonge, akapewa dawa ya kweli na tarehe za kurudi kupimwa ini, akawa mnyonge kwa kama wiki nzima. Kisha akapata njia. Bi Karanga alimsikia barazani akimsimulia mgeni: "Watu wengi wangedhani ni uzee. Mimi nikasema hapana, huyu lazima aonwe na daktari." Mgeni akamsifu. Akazipokea sifa.

Bi Karanga hakumkanusha. Alikuwa na swali lililomkera zaidi tangu daktari alipotaja nyumba ya wazee, na alikuwa akiliogopa. Siku moja mkwe alipokuwa anamtandikia kitanda, alimuuliza.

"Mwanangu, hebu niambie. Wakati naumwa, kuna siku mumeo aliingia humu na Meneja, wana futi?"

Mkono wa mkwe ulisimama juu ya mto. "Mama, wakati ule ulikuwa unaona mengi."

"Hawakuja?"

"Uliota, mama."

"Ahsante," Bi Karanga alisema, na alimaanisha. Siku zile zilizofuata zilikuwa njema kuliko zote. Alimtania mwanawe kipara, alimwita kwa jina lake la utotoni, alimmegea hata yai lake akasahau kwamba kiini kilikuwa bado kinamtia mwanawe hofu. Alimsamehe uji. Ujinga unasameheka, yeye mwenyewe ndiye aliyemlea.

Basi asubuhi moja alikisogeza kitanda kidogo, kwa ajili ya kuokota fimbo iliyoangukia nyuma, jua likiwa limeingia moja kwa moja ukutani. Akaona msalaba mdogo wa penseli juu ya mahali pa kichwa chake. Pembeni yake namba. Na chini ya namba, mistari miwili, mizito.

Alikaa kitandani. Hakuota. Kila kitu kingine alikiota, karanga, tangi, miguu inayoning'inia, lakini hiki hakukiota. Alikaa hapo mpaka Mkaguzi alipoingia na sahani ya yai, maana siku hizo alipenda kulileta mwenyewe wageni wakiwepo, na barazani palikuwa na mgeni.

Mkaguzi alimwona anakotazama. Akatazama naye.

"Mama," alisema, "huo ukuta... nitaupaka rangi. Leo leo. Nilikuwa nimeshapanga kuupaka rangi."

Bi Karanga alipokea sahani, akaiweka mapajani. Akakata yai kwa ukingo wa kijiko.

"Uache," alisema. "Kila nikiamka nikiuona, najua kichwa changu ni kizima."

Akaanza kula.